Samaki wa kioo hawachaguliwi kwa jicho

Mtu aliyezaliwa karibu na bahari akihamia mlimani hukosa mambo mengi, lakini kwangu mimi kubwa lilikuwa ni kukosa maji yenye uhai ndani yake. Hapa Nyeri maji ni mengi. Mto Chania wapita chini ya mji, na asubuhi mawingu yakipanda, theluji ya Mlima Kenya huonekana kwa mbali. Lakini mto ni wa kupita, huwezi kuuweka sebuleni ukautazama jioni baada ya kazi. Ndipo nilipoamua kununua tangi dogo la kioo, la lita 40, nikaliweka nyumbani kwangu hapa Majengo.

Siku ya kununua samaki nilikwenda na binti yangu wa miaka tisa, nikamwachia achague. Naye alichagua kama wachaguavyo watoto, na wakubwa wengi pia, yaani kwa jicho. Akataka samaki wa dhahabu wawili, gapi madume wanne wenye mikia kama leso, samaki mpiganaji wa Siam mmoja wa rangi ya buluu, na uduvi wekundu kumi. Muuzaji hakuniuliza tangi langu ni la ukubwa gani wala limejazwa maji lini. Mimi nami sikumwuliza neno. Nililipa, tukarudi nyumbani tukicheka. Jirani yangu, mwenye bwawa la samaki upande wa Tetu, akatuongezea vifaranga vitatu vya perege kuwa zawadi.

Siku ya tatu uduvi walikuwa wamebaki wawili, nao wamejibanza nyuma ya jiwe. Siku ya sita mikia ya gapi ilikuwa matambara. Siku ya tisa maji yaligeuka rangi, na samaki wa dhahabu wakawa wakihema juu juu kama mtu aliyepanda ngazi. Ilipotimia siku ya kumi na mbili, alisalia perege mmoja katika tangi zima. Binti yangu akaniuliza, "Baba, walikuwa wakigombania nini?" Sikuwa na jibu, maana jibu la haki lilikuwa kwamba hawakugombania kitu. Niliwafungia chumba kimoja watu wasiopatana, kisha nikawatazama wakiangamia.

Na aibu hii haikuwa ya kwanza. Nilipokuwa mtoto wa chuo kule pwani, masika yalipojaza madimbwi tulikuwa tukitoka kusoma tukenda kuwatafuta visamaki wa rangi za ajabu, wekundu na buluu, ambao wataalamu huwaita Nothobranchius. Samaki hao huishi katika madimbwi yanayokauka. Wenyewe hufa kiangazi, na mayai yao hubaki ndani ya udongo hadi mvua ya pili. Siku moja nilitia madume wawili katika chupa moja ya jamu. Asubuhi mmoja alikuwa amekufa na mapezi yake yamechanika. Mwalimu wetu akaniambia maneno ambayo ilinilazimu kuja Nyeri kuyaelewa: "Dimbwini yule angekimbia. Wewe ndiwe uliyemnyima njia."

Hapo ndipo ulipo msingi wa kazi nzima ya kufuga samaki wa kioo. Mtoni samaki mdogo hukimbia, hujificha majanini, au huhama maji yakiharibika. Katika lita 40 hana pa kwenda. Kwa hivyo lile ambalo huko nje lingekuwa ni shauri la Mungu na maumbile, humu ndani huwa ni dhamana ya mwenye tangi. Hapana budi aulize mambo matatu kabla ya kutoa pesa: nani hula nani, nani hutaka maji gani, na nyumba yenyewe iko tayari au bado.

Tuanze na la mwisho, kwa kuwa ndilo lililoua wengi wa kwangu. Tangi jipya ni nyumba isiyokuwa na choo. Samaki hutoa uchafu katika maji hayo hayo anayoyapumua, na uchafu huo hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye changarawe na kwenye sifongo ya chujio, ambao huigeuza amonia kuwa naitraiti. Hiyo nayo ni sumu, lakini bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo haidhuru ikiwa ni kidogo. Bakteria hao huhitaji kiasi cha wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Kwa hiyo tangi hutiwa maji, changarawe, majani na chujio, likadondoshewa chembe za chakula ili bakteria wapate cha kula, likaachwa bila samaki. Maji ya mfereji nayo yana klorini. Yakiwekwa wazi ndooni siku nzima aghalabu hutoka. Baadaye robo ya maji hubadilishwa kila wiki, wala si yote kwa pamoja.

La pili ni maji ya kila mmoja. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai baridi yake hata mwenyeji huilalamikia. Samaki mpiganaji wa Siam hutaka maji ya nyuzi 25 hadi 28. Gapi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, hupenda nyuzi 22 na zaidi. Basi mwenye kuwataka hao hapana budi awe na hita, na umeme ukikatika usiku samaki watetemeke. Samaki wa dhahabu yeye baridi haimsumbui, lakini hukua akapita sentimita 20, na uchafu wake ni mwingi. Lita 40 kwake ni kama kumlaza ng'ombe jikoni.

La kwanza na la mwisho ni mdomo. Kanuni yake ni nyepesi: kinachoingia mdomoni huliwa. Uduvi wekundu ni wadogo sana, na kila wanapokua huvua gamba, wakabaki laini kwa muda bila ya silaha. Ukimweka uduvi pamoja na samaki wa dhahabu au perege, umempelekea samaki chakula. Na madume wawili wapiganaji wa Siam ni fahali wawili katika zizi moja.

Je, kwa hali yetu ya hapa mlimani nani wakae pamoja? Jawabu nililolipata kwa kusoma na kwa kuchomeka vidole ni hili. Kuna samaki mdogo atokaye mlimani kama sisi. Alipatikana katika mlima Baiyun, maana yake Wingu Jeupe, karibu na Guangzhou huko China. Mwaka 1932 alipewa jina la kitaalamu Tanichthys kwa heshima ya Tan Kam Fei, kiongozi wa skauti aliyemgundua. Nalo ni jambo la kupendeza, kwa kuwa mwanzilishi wa skauti, Baden-Powell, alifariki hapa Nyeri Januari 1941 na hapa ndipo alipozikwa. Samaki huyo hana haja ya hita. Nyuzi 16 hadi 22 zamtosha. Mdomo wake ni mdogo, hagombani, na hupenda kwenda kwa kundi. Wanane wao, uduvi wekundu kumi, na majani mengi ya kujifichia, hao ni majirani wema katika lita 40. Watoto wa uduvi wachache wataliwa, lakini majani yakiwa mazito wengine watapona. Uduvi nao watakula mwani uotao kwenye kioo na mabaki ya chakula.

Uduvi wana masharti yao. Maji ya mlima ni laini, hayana chokaa nyingi, na uduvi huhitaji chokaa kujenga gamba. Mimi nimetia kipande cha jiwe la matumbawe kilichotoka katika ukuta uliobomoka kwetu pwani, nacho huyeyuka polepole. Dawa za samaki zenye shaba huwaua uduvi, na dawa ya kupuliza mbu na mende huwaua vilevile.

Wako watakaosema haya ni mambo ya wenye nafasi, na kwamba samaki ni wa kuliwa. Sikatai. Lakini hata mfugaji wa samaki wa kuliwa huuliza maswali haya haya. Katika kituo cha Sagana, kilichoanzishwa 1948, wataalamu wamefuga perege na kambare katika bwawa moja kwa makusudi, kwa sababu perege huzaana kupita kiasi na kambare hula vifaranga. Hapo adui amewekwa kwa hesabu. Tangu mpango wa serikali wa mwaka 2009 wa kuchimba mabwawa, wakulima wengi wa mlimani, ambao wazee wao hawakuwa wala samaki, wanaijua hesabu hiyo. Sisi wa tangi za kioo ndio tunaonunua kwa jicho.

Sasa nirudi kwa perege wangu aliyesalia. Jirani aliponiona nimekaa naye aliniambia, "Mzee, kammwage Chania tu, akatafute maisha." Alisema kwa wema, na ninaamini wengi husema hivyo na kutenda. Pengine baridi ya Chania ingemwua. Lakini kila anayemwaga hubahatisha, na ziko bahati zilizokwisha tugharimu. Ng'ambo ya pili ya Nyandarua, ziwa la Naivasha lilikuwa na samaki wake mdogo wa asili, akaletewa wageni wakubwa wa kuvuliwa kwa mchezo. Mara ya mwisho kuonekana yule wa asili ilikuwa 1962. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa Marekani, nao wakayala majani ya chini ya maji. Huko Ziwa Victoria, sangara aliyetiwa miaka ya 1950 aliwamaliza fulu wa aina nyingi mno.

Nitaambiwa: mbona trauti wetu ni mgeni, na watu hutoka mbali kuja kumvua? Kweli. Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Uskochi mwaka 1905, wakatiwa katika mto Gura, na kituo cha Kiganjo kimewazalisha kwa miaka mingi. Trauti alipata maji baridi anayoyataka, akakaa. Lakini waliomleta walitazama starehe yake na yao. Viumbe waliokuwamo mtoni hawakuwa na msemaji. Kwamba mgeni mmoja amestawi si hoja ya kuwamwaga wengine. Trauti akishaingia hatoki tena.

Mimi nina sababu moja zaidi, nayo ni ya nafsi. Maji ya Chania huishia Sagana, Sagana huitwa Tana, na Tana huingia baharini karibu na Kipini, kwetu pwani. Kinachomwagwa chini ya daraja la Nyeri hakimwagwi mahali pasipo wenyewe. Perege nilimrudishia jirani, akamtia bwawani kwake.

Kwa wauza samaki nina ombi. Kabla ya kumfungia mteja mfuko, mwulizeni lita ngapi, tangi lina wiki ngapi, na ndani mna nani. Maswali matatu hayafukuzi mteja, bali mteja aliyeua samaki wote kwa siku kumi na mbili ndiye asiyerudi. Na asiyeweza kuendelea kuwafuga arudishiwe nafasi ya kuwaleta dukani, asilazimike kwenda mtoni usiku.

Binti yangu alitaka maneno ya kubandika kando ya tangi, nikamwandikia ubeti huu:

Kabla kumtia ndani, muulize atakacho,
Na jirani wa zamani, yuna haki ya alicho,
Hana njia ukutani, wala hanapo kificho,
Akifika taabuni, la kulaumu ni jicho.

Tangi letu sasa lina miezi saba. Safari ya pili tulingoja wiki sita tukitazama maji matupu, na binti yangu alinung'unika kila siku. Juzi aliniita nikaone uduvi jike aliyebeba mayai chini ya tumbo. Nikamwuliza tufanye nini. Akasema tuongeze majani kwanza.