Nani Mwenye Kinyago? Uhamaji, Sanaa ya Kimakonde na Suala la Utaifa

Katika maandishi mengi yahusuyo sanaa za jadi za Afrika Mashariki, yamejengeka mazoea ya kuipa kila sanaa kabila lake, na kila kabila wilaya yake. Sindimba huandikwa kuwa ni ngoma ya Wamakonde wa Mtwara, na kinyago cha mpingo huandikwa vivyo hivyo, kana kwamba vitu hivi viliota mahali vilipo kama mti uotavyo. Mazoea haya yanamfaa mpangaji wa makumbusho, lakini yanaficha jambo la msingi. Makala haya yanatetea hoja kwamba utambulisho wa Wamakonde, wa kiutamaduni na wa kisiasa, haukubebwa kutoka kwao ukiwa umekamilika. Kwa sehemu kubwa uliundwa ugenini, na sanaa ndiyo iliyokuwa karakana yake. Hoja hii ikikubaliwa, yako madai ambayo dola haiwezi kuyakwepa.

Wamakonde wanaishi kaskazini na kusini mwa Mto Ruvuma. Wareno walipouteka uwanda wa juu wa Mueda, katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, walileta kodi, kazi za shuruti na baadaye kilimo cha lazima cha pamba. Watu wengi walivuka mto kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Wengine waliendelea hadi pwani ya Kenya. Tanganyika waliitwa Wamawia, jina la kubandikwa, lenye dharau ndani yake, na walitambulikana kwa chale za usoni na ndonya ya mdomoni. Hata Wamakonde wenzao wa Newala waliwaona kuwa ni watu wengine.

Ni muhimu kukumbuka kwamba huko uwandani hapakuwa na mfalme wala dola moja ya Wamakonde. Mtu alikuwa wa ukoo wa mama yake na wa kijiji chake. Kambini mwa mkonge, mambo yalikuwa tofauti: watu wa vijiji visivyojuana walijikuta katika uwanja mmoja wa ngoma, chini ya jina moja walilopewa na wengine. Ngoma, jando na mapiko, yaani vinyago vya kuchezea ngoma, vilikuwa miongoni mwa mambo machache waliyoweza kuyamiliki kwa pamoja. Jina la dharau likapata maudhui ya kujivunia.

Siasa ilifuata njia hiyo hiyo. Vyama vya wahamiaji wa Kimakonde katika Tanganyika na Kenya vilizaa MANU, ambacho jina lake lenyewe linawaiga TANU na KANU. Tarehe 16 Juni 1960, watu waliokusanyika Mueda kuwasikiliza wajumbe waliovuka kutoka Tanganyika walipigwa risasi na askari wa Kireno. Tarehe 25 Juni 1962, MANU kiliungana na vyama vingine mjini Dar es Salaam na kuunda FRELIMO. Eduardo Mondlane, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu mapambano ya Msumbiji, aliuhesabu uchongaji wa Kimakonde miongoni mwa ishara za upinzani dhidi ya ukoloni. Kwa hakika mapiko yalikwisha kuwafanyia mzaha maofisa na wamisionari kabla bunduki haijalia. Kwa hiyo ni kosa kuiona sanaa hii kuwa pambo la siasa; ilikuwa mojawapo ya mahali ambapo watu walizoea kusema “sisi” kabla ya kuwa na chama.

Wapo watakaopinga kwamba vinyago vya mpingo vya Dar es Salaam si vya jadi, kwa kuwa vilikuzwa na wafanyabiashara na kuuzwa kwa watalii. Ni kweli kwamba soko liliamua mengi, hata ukubwa wa kinyago. Lakini jadi isiyobadilika haiko popote, na mhamiaji ndiye anayelijua hilo kuliko wote. Mtindo wa shetani, ambao mara nyingi huhusishwa na Samaki Likankoa, na ule wa watu waliobebana, unaohusishwa na Yakobo Sangwani, ilianzishwa Tanganyika na wachongaji waliotoka Msumbiji. Inasimuliwa kwamba mtindo huu wa pili, uitwao dimoongo, ulianza kwa kumwonyesha mshindi wa mweleka akiinuliwa na wenzake. Baadaye ukaitwa “ujamaa”, na ukawa mfano unaojulikana kuliko yote wa falsafa ya Tanzania. Yaani taifa lilijitazama katika kioo kilichochongwa na mgeni.

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, sindimba na kinyago vimepandishwa katika jukwaa la taifa. Sanaa ilipewa uraia haraka. Je, watu nao? Nchini Kenya jibu lilichelewa mno. Wamakonde waliofika kukata mkonge na miwa katika enzi ya ukoloni, pamoja na watoto na wajukuu wao waliozaliwa huko, waliishi bila vitambulisho kwa zaidi ya nusu karne baada ya uhuru wa 1963. Bila kitambulisho, mtu hawezi kupiga kura wala kupata hati ya shamba. Mwezi Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki hiyo, na mwaka 2017 walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza, na wakaendelea kuitwa wageni.

Utambuzi huo ni wa haki, lakini namna yake inafunza jambo. Ili kupata uraia, iliwabidi wahamiaji wawe “kabila”, yaani waingie katika orodha ile ile ambayo wataalamu wa sanaa wamekuwa wakiitumia. Orodha hiyo haina nafasi kwa historia iliyotendeka njiani. Wajibu wa wanaisimu, wanafasihi na wanahistoria wa sanaa ni kuacha kuuliza tu sanaa fulani ni ya kabila gani, na kuanza kuuliza imepita wapi, mikononi mwa nani, na waliobebana nayo walipewa nini. Taifa linaloweka kinyago sebuleni na kumwacha mchongaji mlangoni halijajijua bado.