Asimamaye Mvuani

Katika mifereji ya Uingereza hupita mashua ndefu zenye upana wa takriban mita 2 tu. Leo wengi huzipanda kwa matembezi, zikienda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Mvua inyeshapo kutwa, mshika usukani husimama tezini, nje, hana paa. Penye mwinuko hukutwa malango ya maji: chombo huingia, malango hufungwa nyuma yake, maji hujazwa, nacho hupanda polepole. Karibu na mji wa Devizes vituo vya namna hiyo ni 29, na katika kila kimoja sharti mtu ashuke topeni kuyasukuma malango.

Kwa mtalii, huo ni uchovu wa siku moja. Lakini katika karne ya 19, reli zilipowapokonya wenye mashua mizigo yao, wengi walishindwa kuajiri vibarua, wakawapakia wake na watoto. Makao yao yalikuwa chumba kimoja cha urefu wa mita 3 hivi. Humo walipika, wakalala na kulea. Mama alishika usukani mvuani. Watoto wengi hawakusoma, kwani chombo hakikutulia mahali. Sheria ya kusimamia makao hayo ilipitishwa mwaka 1877.

Ujira wa safari alilipwa nahodha, mumewe. Mama hakuwa na mshahara wake.

Nasi tujiulize: nyumbani mwetu, ni nani asimamaye mvuani, na fungu lake ni lipi?