Njia Panda ya Luberizi Isingoje Maiti

Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilianguka Sange, likawaka moto, watu zaidi ya 230 wakafa. Barabara hiyo hiyo ya taifa namba 5 ndiyo inayopita Luberizi, na mama zetu huivuka na mizigo kichwani.

Ninyi wa migodini mnajua: shimo hutegemezwa kwa miti kabla halijaporomoka, si baada ya mazishi. Sisi twalipa ushuru wa FONER katika kila lita ya mafuta. Basi twadai matuta, vibao, na polisi siku ya soko.

Na sisi wenyewe tujionye: lori la mafuta likianguka, tulikimbie, tusilikimbilie na ndoo!