Uvuvi Umefunguliwa: Tuweke Nini kwenye Ndoano?

Tangu tarehe 1 Machi mitumbwi ya Kasenga, Kilwa na Pweto imerudi majini. Kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 1 Desemba, uvuvi wa Luapula na ziwa Moero ulikuwa umefungwa, upande wetu na upande wa Zambia, ili samaki wapate kutaga. Miezi hiyo sisi tuliihesabu kwenye sufuria: thomson ya barafu, makayabo, kapenta kavu, na siku nyingine sombe peke yake na bukari. Sasa waume zetu na watoto wetu wameanza kutafuta ndoano. Hata wale wa Katuba na Ruashi wanaokwenda tu kushinda Jumamosi kando ya maji wanaomba franka za vifaa. Kwa kuwa mara nyingi franka hizo hutoka kwenye kitambaa cha mama, tumeona juma hili tuzungumze juu ya chambo.

Wengine watauliza: chambo si kazi ya wanaume? Kuloba ni kwao, sawa. Lakini anayetoa pesa ndiye anayechagua kifaa, na kifaa ndicho kinachochagua samaki. Kijana akipewa pesa anaweza kurudi na ndoano kumi na kamba, au na kipande cha wavu wa matundu madogo kinachozoa kila kitu. Katika majuma haya ya kwanza ya msimu, tofauti ya vitu hivyo viwili ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na sababu yake iko kwenye kinywa cha tilapia.

Tilapia wetu wa Moero na Luapula, jike, hatagi mayai akayaacha. Dume huchimba shimo la mviringo kwenye mchanga wa maji mafupi, jike hutaga pale, kisha huyaokota mayai yote na kuyaweka kinywani mwake. Humo ndimo yanamoanguliwa. Watoto wakishatoka hubaki karibu naye, na hatari ikija wanakimbilia tena ndani ya kinywa cha mama. Siku zote hizo mama huyo hali, au anakula kidogo sana, maana kinywa kimejaa watoto. Sisi tulionyonyesha huku sufuria ikiwa tupu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mwezi wa tatu mvua bado haijakatika, na wako majike wengi ambao bado wanalea. Jike asiyekula hana haja na mnyoo wako. Anaupita. Anayekamatwa na ndoano mara nyingi ni yule mwenye njaa, aliyekwisha kulea au aliye dume. Lakini wavu wa kukokota hauulizi nani ananyonyesha. Unapita juu ya mashimo ya mchanga, unambeba mama pamoja na watoto wote walio kinywani, na wengi wao anawatema ndani ya mtumbwi wakiwa wadogo kama punje za mchele. Ndiyo maana tunasema, ikiwa pesa ni za mfano mmoja tu, basi ziwe za ndoano na chambo kizuri.

Chambo kizuri cha Machi si kile cha Julai, na hapa vijana wengi hupoteza siku. Maji ya sasa yamejaa, yana udongo, ni mekundu kama chai. Samaki haoni mbali, anatafuta kwa kunusa na kwa kusikia mtikisiko. Kwa hiyo sasa hivi weka kitu chenye harufu, au kitu kinachotikisika. Mwezi wa tano na kuendelea, maji yakishatulia na kuwa meupe, ndipo vitu vidogo na kamba nyembamba vinapofanya kazi. Na baridi ya Juni na Julai ikiingia, samaki naye hujikunja kama sisi, hula kidogo, chambo inabidi kipite polepole mbele ya pua yake.

Kwa tilapia, kitu rahisi kiko tayari nyumbani. Chukua bukari iliyolala, ikande na unga kidogo wa muhogo na tone la mafuta ya mawese mpaka ishikane, ifanye viduara vidogo kama mbegu ya njugu. Unga wa mahindi peke yake huyeyuka haraka, muhogo ndio unaoshika. Nyungunyungu wa shambani ni bora zaidi, hasa mvua inaponyesha. Panzi pia. Ndoano iwe ndogo, namba 6 mpaka 8, kwa sababu kinywa cha tilapia si kikubwa. (Namba za dukani huwachanganya watu: namba ikipanda, ndoano inapungua, mpaka unapofika zile zenye alama ya sifuri, kama 1/0 na 3/0, ambako mambo yanageuka na namba ikipanda ndoano inakuwa kubwa.) Finkubala hatuziweki kwenye ndoano, tafadhali. Hizo ni za sahani.

Kwa kambale, yule wa ndevu, harufu ndiyo kila kitu. Matumbo ya kuku, kipande cha ini, samaki mdogo aliyeanza kunuka. Wako wanaotumia hata kipande cha sabuni ya kufulia, na kinakamata. Ndoano hapa iwe kubwa, 1/0 mpaka 3/0, kamba nene, na chambo kilale chini kabisa. Kambale hula usiku, na hapo ndipo sisi wamama tunapoingilia: usiku kando ya Luapula au Lufira kuna mamba na viboko. Kamba za kambale zinaweza kufungwa jioni kwenye mti na kutazamwa asubuhi. Hakuna samaki wa kumfanya mtoto wa miaka kumi na minne alale ukingoni.

Sasa tufike kwa yule ambaye vijana wanamwota, samaki wa meno. Watu wa Luapula humwita manda. Ana nduguye mkubwa kule Lualaba na Upemba, mbenga, anayeweza kufikia kilo 50 na ambaye meno yake huwekwa ukutani kama pembe. Manda wa kawaida ni mdogo kuliko huyo, lakini kwa nguvu na hasira hapungukiwi. Hali bukari wala mnyoo kwa hamu. Yeye huwinda samaki wenzake. Kwa hiyo chambo chake ni samaki mdogo, mzima au kipande cha ubavu chenye ngozi inayong'aa, au basi kitu cha kumdanganya kinachofanana na samaki anayekimbia.

Hicho cha kumdanganya dukani kina bei, na kikinaswa kwenye jiwe kimekwenda. Lakini kinatengenezwa nyumbani. Kijiko cha zamani kinakatwa mkono, kinabaki kile kibakuli chake. Kinatobolewa tundu moja kila upande: upande mmoja unafungwa kamba, upande wa pili ndoano ya matawi matatu au ndoano moja kubwa. Kikivutwa majini kinayumba huku na huku, kinamulika, kinatikisa maji. Katika maji ya udongo kama ya sasa, wavuvi wengi hupenda rangi ya shaba au ya dhahabu na kijiko kikubwa kidogo. Kijiko cheupe wanakiweka kwa maji safi ya kiangazi. Sisi wa Lubumbashi hatuwezi kusema tumekosa shaba. Kivutwe taratibu mwanzoni mwa msimu, kwa sababu samaki asiyeona mbali anahitaji muda wa kukifikia.

Mambo mawili humponyesha manda kila siku. La kwanza ni meno: anakata kamba ya nailoni kama mkasi. Kati ya kamba na ndoano lazima kuwe na waya, kiasi cha shibiri moja na nusu. Nyuzi za ndani za kebo ya breki ya baiskeli zinatosha kabisa, fundi yeyote wa baiskeli anazo zilizokatika. La pili ni kinywa chake, ambacho ni mfupa mtupu. Ndoano butu inateleza, manda anaruka juu, anatikisa kichwa, anakwenda. Ndoano inolewe kwa tupa kabla ya kila safari. Ichoree ukucha wa kidole gumba: ikiteleza bado, ikikwama iko tayari.

Tumekaa sana kwa manda kwa sababu ndiye anayeuliziwa, lakini tuseme ukweli, wamama: nyama yake ina mifupa midogo mingi. Mkatekate kwa visu vya karibukaribu ubavuni kabla ya kukaanga, mafuta yaingie, mifupa ilainike. Watoto wadogo wapewe tilapia.

Kuna kifaa kingine ambacho hatuwezi kukinyamazia. Chandarua cha mbu. Tunakiona kimeshonwa, viwili vitatu pamoja, kikiburutwa mtoni na hata na wanawake wenzetu. Chandarua cha hospitali kimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki. Matundu yake hayaachi hata yai. Na Machi ndio mwezi ambao mbu wamejaa kwenye madimbwi ya mvua. Chandarua kilicho mtoni ni kitanda cha mtoto fulani kilichobaki wazi usiku huo. Tukihesabu pesa ya kapenta iliyopatikana na pesa ya dawa ya malaria, hesabu haitoki.

Buba nayo ni vilevile. Majani yale yakipondwa na kumwagwa mtoni, samaki hulewa na kuelea, wakubwa na wadogo, na waliobaki chini wanaoza. Bibi zetu waliitumia kwenye vidimbwi vilivyokauka baada ya mafuriko, siku moja kwa mwaka, kijiji kizima kikijua. Leo inamwagwa kwenye maji yanayotembea, na sheria inakataza.

Anayefikiri kwamba mto hauwezi kwisha, na amuulize mzee yeyote wa Kasenga juu ya mpumbu. Zamani samaki huyo alipanda Luapula kila mwaka wakati wa mvua kwenda kutaga, kwa makundi. Wagiriki waliokuwa na biashara Kasenga walinunua samaki na kuwapakia kwenye barafu kuja Elisabethville, huu mji wetu, kulisha wafanyakazi wa Union Minière. Wavu ziliwekwa palepale njiani, mpumbu akikamatwa tumbo likiwa limejaa mayai. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 wingi ule ulikuwa umevunjika, na mpaka leo haujarudi kama ulivyokuwa. Baadaye hata tilapia wakapungua, na tangu miaka ya 1980 ile chisense ndogo ndiyo imebeba biashara kubwa ya Moero. Tunaila kwa furaha. Ila tukumbuke kwamba tuliifikia kwa kushuka ngazi, kutoka samaki wa mkono mzima mpaka samaki wa kidole.

Kwa wale wanaouza sokoni, Kenya au Mzee Kabila, neno moja. Mchuuzi akileta lundo la tilapia wa urefu wa kidole, huyo ametoka kwenye wavu wa kukokota. Ukikataa peke yako, atampa jirani yako. Kundi zima la meza likikubaliana kutonunua chini ya urefu wa kiganja mpaka mwisho wa Aprili, atalazimika kutafuta mvuvi mwingine. Vikundi vyenye likelemba vinaweza kufanya zaidi: badala ya kumkopesha mvuvi pesa tupu, mkopesheni ndoano na waya, naye alipe kwa samaki wakubwa. Deni la namna hiyo ni gumu kunywewa bia.

Tuchague pia maji. Mito inayopita chini ya viwanda vya madini, chambo kizuri hakiisafishi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi sana mwilini, na watoto zaidi. Ukiona maji yamegeuka rangi isiyo ya udongo, au samaki wanaelea wenyewe, watoto wakunje kamba warudi. Samaki aliyeokotwa akielea haingii jikoni, hata akikaangwa vipi.

Mwisho, jambo la nyumbani. Ndoano zikikaa kwenye mfuko wa suruali zitaishia kwenye beseni la kufulia na mkononi mwako. Zichomekwe kwenye kipande cha ndala kuukuu, kisha kwenye kopo lenye kifuniko, juu, mbali na wadogo. Ikimchoma mtoto na ile meno ya nyuma ikiwa imeingia, usiivute ilikotoka, itararua nyama. Kata kamba, osha kwa maji na sabuni, funga kitambaa safi bila kuibana, mpeleke kituo cha afya waitoe na watazame kama anahitaji sindano ya pepopunda. Ikiwa ni karibu na jicho, usiiguse kabisa, nenda naye saa hiyohiyo.