Bulongo hii haikuwa tupu: kutoka karatasi ya Leopold mpaka reli ya Lobito

Ndugu zetu, vijana wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa, na nyinyi wote munaotusoma kutoka Dilolo mpaka Sakania,

Tangu habari ya Corridor ya Lobito ianze kupigwa kila siku ku redio, kuna neno moja linarudia: kupima. Wanapima reli, wanapima barabara, wanapima maeneo ya makampuni. Na kila mara wapimaji wanapopita, kuna mutu anasimama kutuambia tukae kimya, kwa sababu bulongo ni ya Leta na Leta linajua mipaka yake. Sawa. Sisi tunauliza tu: Leta lilijua mipaka hiyo namna gani?

Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa Leopold II ulitoa amri kwamba ardhi yote isiyokaliwa na watu ni mali ya Leta. Mujumbe wa kwanza wa Leta hilo kufika Bunkeya, kwa Msiri, alikuwa Paul Le Marinel, mwaka wa 1891. Muhesabu wenyewe. Miaka sita nzima Katanga ilikuwa imeshaingizwa mu hesabu ya Leta, na hakuna hata mutumishi wake mumoja aliyekuwa ameiona kwa macho. Walijua namna gani wapi kuna watu na wapi hakuna? Hawakujua. Na hawakuhitaji kujua.

Mwaka ule ule wa 1891, Compagnie du Katanga ikapewa theluthi moja ya ardhi hiyo iliyoitwa tupu. Na ilipewa mu mutindo wa kuchekesha kama isingekuwa ya kuumiza: ramani ikakatwa miraba kama ubao wa dama, miraba hii ya kampuni, miraba ile ya Leta, kwa kufuata mistari ya longitudo na latitudo. Mugini ukiangukia nusu huku na nusu kule, shauri yake. Mambo yakawachanganya wao wenyewe, mpaka mwaka wa 1900 wakaunda Comité Spécial du Katanga ili kusimamia kila kitu pamoja na kugawana faida: mafungu mawili ya Leta, fungu moja ya kampuni. Fungu la wenye mashamba halikuandikwa popote.

Halafu wanatuambia wazungu njo walifungua njia. Hapa tunaomba heshima kidogo. Msafara wa kapiteni Stairs, ule uliomaliza Msiri, ulitoka pwani ya bahari upande wa Zanzibar, ukapita Tabora, ukavuka ziwa Tanganyika. Ile njia ilikuwa ya zamani. Wapagazi, mamia ya watu waliosema Kiswahili hiki tunachokuandikia, njo walibeba mizigo. Na Bayeke wa Msiri walikuwa wanatembea pande zote mbili: mashariki mpaka pwani, magharibi mpaka Benguela, pembeni kabisa ya Lobito ya leo. Walibeba shaba, walibeba pembe za ndovu, na hatutaficha, waliuza watu pia. Lakini walipita, na walijua visima, vivuko, na migini ya kununua chakula. Mupimaji wa mzungu alilala mu migini hiyo, alikula muhogo wake, aliuliza njia kwa wenyeji wake, halafu ofisi yake ikaandika kwamba ardhi haina mwenyewe.

Msiri alikataa bendera yao. Tarehe 20 Disemba 1891 wakamupiga risasi. Kupima kukaendelea.

Kuanzia 1898 mpaka 1900 Charles Lemaire alizunguka Katanga na vyombo vyake, akitafuta nafasi kamili ya kila mahali. Sisi hatuchukii sayansi. Wengi wetu tumesomea jeolojia na topografia hapa hapa Lubumbashi. Kosa haliko mu chombo. Swali ni nani anaamua kitu gani kiandikwe ku ramani na kitu gani kiachwe.

Muangalie mwaka wa 1910. Reli inafika kutoka kusini, Elisabethville inazaliwa, Wangermée anachora barabara zilizonyooka. Katikati ni wazungu. Weusi wakakaa mbali, na kati yao eneo la kutenga lisilojengwa; Kamalondo, ambayo zamani waliita cité Albert, ilitoka mu mpango huo. Wakati ule pia walitaka kuleta wakulima wa Ubelgiji kulima « ardhi tupu » hiyo, na wengi wao wakashindwa. Na mwaka huo huo wa 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kukusanya wanaume mu migini wapelekwe ku migodi. Sasa je, kama inchi ilikuwa tupu, Bourse ilikuwa inakusanya nani? Siku ya kugawa bulongo hatukuwako. Siku ya kubeba jiwe tulikuwako, tena wengi.

Uhuru ulikuja. Sheria Bakajika ya 1966 ikarudisha ardhi na madini kwa Leta. Wazee wetu walishangilia, na walikuwa na haki. Ila ilirudi kwa Leta, haikurudi kwa mugini. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema, ku kifungu cha 389, kwamba haki za watu wanaoishi ku ardhi ya bankambo zitapangwa na amri ya Rais. Makumi ya miaka watu walingojea amri hiyo.

Ubao wa dama ulirudi, lakini. Kodi ya Madini ya 2002 inagawa inchi yote kwa miraba, kila mumoja hektari 84,955, mistari yake ikielekea kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Sheria inataja makaburi, nyumba, fidia ya mashamba, hiyo tunaijua. Lakini mraba njo unakuja kwanza, unaandikwa kwa jina la kampuni mu ofisi Kinshasa. Mwenye shamba anagunduliwa kisha, kama kikwazo.

Na reli sasa. Disemba 2024, Rais wa Marekani alifika mwenyewe Lobito. Pesa ni nyingi, haraka ni kubwa. Huku Kolwezi kuna familia zimejenga pembeni ya reli, na kuna walio na karatasi ya parsele, yenye muhuri. Muhuri ulipopigwa hakuna aliyekumbuka eneo ya reli.

Watatuambia hatutaki maendeleo. Wapi! Tunataka treni, gari za mizigo zinatuua ku barabara na vumbi inatumaliza. Tunataka treni inayosimama ku gare na kubeba abiria na mahindi, si kobalti peke yake.

Kwa hiyo tunadai: ramani ya eneo lote la reli, na upana wake kwa metre, ibandikwe ku komini na ku mashefu kabla ya nyumba hata moja kupigwa musalaba mwekundu. Migini ichore ramani zake kwanza, na ziwe na nguvu ya sheria. Inawezekana: dekreti ya 2014 kuhusu misitu ya jamii inakubali jamii ichore musitu wake mpaka hektari 50.000. Kinachowezekana ku musitu, ku savana ya Lualaba kinashindikana kwa nini? Na fidia ilipwe mbele ya kubomoa.

Wakifika kwenu na vyombo vyao, musiwapige, musiwatukane, ni wafanyakazi. Muombe ordre de mission, musome jina la aliyeitia sahihi, mupige picha. Muweke alama ya GPS ya telefone ku kila jiwe wanalosimika, ku kila kaburi na kila kisima. Mutume kwa kundi letu la muji wenu. Sisi pia tumeanza kuchora.