Nembo ya Jani, Kuni za Nani?

Vijana wenzangu, naanza kwa kukiri. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja alinifuata hapa Ilagala akaniambia, "Mwandishi, nitungie maneno matamu ya kubandika kwenye chupa za mawese." Nikakaa chini ya mchikichi, nikaandika: "Rafiki wa Mazingira." Pembeni pakachorwa jani la kijani. Nikalipwa elfu kumi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kalamu yangu kunipa hela, na ndiyo ninayoionea haya kuliko zote.

Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyekwenda kukagua kitu. Mimi nilikwenda kwenye mashine ya kukamulia baadaye, maneno yakiwa yameshabandikwa. Nikakuta mapipa ya chikichi yanachemka tangu alfajiri juu ya magogo mazima ya miti ya porini. Rafiki wa mazingira gani huyo, anayekula msitu ili achemke?

Msinielewe vibaya. Simrushii mawe mama anayekamua mawese. Kuni ndizo alizonazo, na watoto wake wanasoma kwa hilo dumu la lita 20. Ugomvi wangu ni na maneno. Mama hakuandika uongo wowote. Dumu lake halina hata herufi moja. Mwongo ni mimi niliyesoma.

Hebu tuulizane: nembo ya mazingira ni kitu gani? Wajerumani walianza yao mwaka 1978, wakaiita Malaika wa Buluu. Shabaha yake ni nyepesi kueleza. Mnunuzi hawezi kwenda kiwandani. Muuzaji hawezi kujisifu akaaminika. Basi anatafutwa mtu wa tatu, asiye wa huku wala wa kule, aende akaone, kisha aweke alama. Mtu wa tatu akiondoka, kilichobaki ni urembo tu, kama wanja.

Najua kuna mtu hapo anasema, "Acha hizo bwana, kizuri chajiuza." Nakataa! Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika lote, nchi zote nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu! Mwambao huu unaoishi kwa dagaa na migebuka ukafunga mkanda. Ziwa lilipofunguliwa, dagaa wetu wakapanda treni na mabasi kama kawaida. Je, ni gunia gani lililofika Kariakoo likiwa na maandishi kwamba dagaa hawa wamesubiriwa? Mimi sijaliona. Kizuri hakikujiuza hata kidogo. Kilifungwa kwenye salfeti kikakaa kimya. Ndiyo biashara yetu ilivyo: mwenye jasho hana jani, mwenye jani hana jasho.

Wengine watasema nembo za wakubwa ndizo za kuaminika. Tuzitazame basi. Mawese yana nembo yake ya dunia, ya chama kiitwacho RSPO, kilichoanzishwa mwaka 2004. Ndani yake wamo wakulima, wenye viwanda, mabenki na watetezi wa mazingira. Lina masharti ya kweli, na tangu 2019 lina kanuni maalumu za mkulima mdogo. Hilo nalipongeza. Lakini zipo daraja za nembo hiyo. Katika mojawapo, mafuta yaliyokaguliwa huruhusiwa kuchanganywa na yasiyokaguliwa, mradi hesabu za kuingia na kutoka zilingane na chupa iseme kuwa ni mchanganyiko. Ni halali na imeandikwa wazi. Ila hapa kwetu ukichanganya mafuta namna hiyo, sokoni watakuita mchakachuaji, na utakimbia bila viatu. Kumbe tofauti ni karatasi!

Kwa hiyo tutupe nembo zote? Hapana. Nendeni Kilwa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji kule ilipata cheti cha FSC, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Shirika la MCDI lilishika cheti hicho kwa niaba ya vijiji, kwa kuwa kijiji kimoja peke yake kisingeubeba mzigo wa gharama. Mpingo ukapata maandishi ya kweli. Basi wakamuaji wa Ilagala hawawezi kukaa kikundi? Makapi na maganda ya chikichi yenyewe yanawaka vizuri. Mama anayechochea kwa makapi na mwingine anayeangusha miti wanauza dumu kwa bei ileile, kwa sababu hakuna anayewatofautisha. Hapo ndipo nembo ingefanya kazi. Isimpambe muuzaji, imlipe aliyejizuia.

Sasa narudi kwetu sisi wa kalamu. Tunalilia wasomaji, eti watu hawasomi. Chupa inasomwa! Inasomwa na mtu ambaye hatalishika gazeti hili maisha yake yote. Maneno matatu kwenye chupa yana wasomaji kuliko hadithi zetu zote. Akija mtu na elfu kumi yake kutaka "asilia", "kijani", "rafiki", muulize maswali matatu kabla ya kufungua kalamu. Nani alikagua? Alikagua nini? Nani alimlipa mkaguzi? Akikosa majibu, mrudishie hela yake. Njaa ipo, naijua, lakini njaa haijamlazimisha mama wa dumu kudanganya.

Mimi nimerudi kwa yule bwana na maandishi mapya, bure: "Mawese haya yamekamuliwa Ilagala. Yamechemshwa kwa kuni za porini. Bado hatujapanda mti badala yake." Akacheka, akasema nani atanunua.

Sijui nani atanunua. Ila hilo neno "bado", siku kikundi kikipanda mti wa kwanza, tutalifuta. Jani lile la kijani halina cha kufuta.