Diski Isiyofunguka na Shauri la Haraka

Mwandishi aliyetunasihi majuzi, kwa kauli ya mtu asiye na shaka, kwamba diski ya seva ya nyumbani ikikataa kufunguka yatosha kuiondoa, kutia mpya mahali pake, na kuiachia pariti, yaani hesabu ya akiba ya biti za diski, kazi ya kuijenga upya, ametughuri, japo sidhani kwamba alikusudia. Pariti haijui faili wala picha ya harusi; inajua biti tu, na kwa kuwa kila kilichoandikwa diskini, kizima na kibovu, huhesabiwa humo sawasawa, diski mpya itarithi uharibifu ule ule wa mfumo wa mafaili ulioizuia ya kwanza, nayo itakataa vile vile. Pariti ni dawa ya diski iliyokufa, si ya diski iliyo hai ambayo mpangilio wake umevurugika.

Ama shauri lake la pili, la kuiendesha programu ya matengenezo xfs_repair kwa alama ya -L papo hapo, lina hatari zaidi, maana alama hiyo hufuta daftari la mabadiliko ambayo hayajamalizika kuandikwa, na yaliyomo huenda yakapotea. Mwenye hadhari huinakili kwanza diski nzima kwa programu ya ddrescue, ambayo huchukua sehemu zisomekazo kwa wepesi kabla ya kuzirudia zenye taabu, na huweka kumbukumbu ya ilikofika. Kisha hujaribu matengenezo juu ya nakala. Atasema diski ya pili ni gharama. Naam, lakini yeye mwenyewe ameshatuamuru kununua mpya!